Dar siji, somo yangu

Shangani, Mtwara

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kusini. Mimi na wa nyumbani hatujambo, hofu ni kwako na watoto. Barua yako nimeipata, na maneno ya bosi wako nimeyasoma mara mbili: nafasi ya wakili ipo hapo Dar, ofisi ina kiyoyozi, wateja ni mabenki, mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi. Hapo kwenye mshahara nimecheka peke yangu. Huku kipato changu kinafuata korosho. Mwaka ukifika katikati mteja ananiambia, "Wakili, vumilia, tunasubiri mnada." Oktoba minada ikianza, ananiambia hela bado haijashuka kutoka chama cha msingi, ule ushirika wao wa wakulima. Ikishashuka ndipo naona watu wanaingia ofisini wenyewe, bila kupigiwa simu. Msimu uliopita mmoja alilipa nusu kwa fedha na nusu kwa korosho zilizobanguliwa, na wala sikukataa.

Kwa hiyo usidhani nang'ang'ania huku kwa sababu ya raha. Nang'ang'ania kwa sababu ya mwembe. Ngoja nikusimulie.

Ulikuwa mwembe wa dodo, uani kwa watu, kijiji sikutajii. Mahakama Kuu ilinipangia kumtetea kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji, zile kesi za watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Malipo yake unayajua: ukitoa nauli na fotokopi unabaki na ahsante. Lakini adhabu ya kosa lenyewe ni moja tu, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, kunyongwa hadi kufa. Nchi hii haijanyonga mtu tangu 1994, ila hukumu hiyo bado inasomwa, na aliyesomewa anakwenda kukaa nayo gerezani. Kesi ya namna hiyo huingii nayo mahakamani kwa kulipitia jalada usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Jalada lilisema shahidi alimtambua kijana saa nne usiku, kwa mwanga wa taa ya sola iliyotundikwa barazani. Unaikumbuka kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ile ya 1980 tuliyoikariri hadi tukaichoka? Ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote; mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba hakuna nafasi ya kukosea. Umbali ulikuwa kiasi gani, alimwona kwa muda gani, mwanga ulikuwaje, walikuwa wanafahamiana? Wewe uliijibu vizuri kuliko mimi kwenye mtihani. Basi nilipanda bodaboda nikaenda kusimama pale barazani. Mwembe ulikuwa kati ya taa na banda la mbuzi, huko shahidi alikodai kumwona mtu, na matawi yake yalishuka mpaka usawa wa kidevu changu. Tena ramani ya eneo la tukio iliyochorwa na polisi wenyewe ilikuwa imeuonyesha, kiduara kidogo pembeni ya banda, na hakuna aliyekijali.

Siku ya kumhoji shahidi huyo kwa maswali ya dodoso sikupandisha sauti. Taa ilikuwa wapi? Akajibu. Banda liko wapi? Akajibu. Katikati pana nini? "Uwanja tu." Hakuna mti? Akanyamaza, akamtazama wakili wa Serikali, kisha akatazama dari. Joho lilikuwa limenigandia mgongoni kwa jasho. Nikaomba aonyeshwe ile ramani, nikamwambia asome kilichoandikwa kwenye kiduara, akasoma, nikakaa. Mawakili wengi, hasa wa huko kwenu wanaopenda kusikika, hapo ndipo huongeza swali moja na kumfungulia shahidi mlango wa kutokea.

Kijana aliachiwa. Siku chache baadaye nikakutana na mama wa marehemu sokoni, anachagua ming'oko, vile viazi vya porini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaendelea kuchagua. Hili nalo usilisahau unaponisifu kwa watu, kwamba huku sitoki mahakamani nikapotelea kwenye foleni ya magari. Niliowashinda na walionishinda tunapanga foleni moja ya maji ukosefu unapozidi.

Umeuliza nafanya nini nikitoka kazini. Nacheza bao. Jumamosi jioni napanda daladala kwenda Mikindani. Watalii wanakwenda kule kulitazama boma la Wajerumani, na kumtafuta Livingstone aliyepita hapo 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Mimi nakwenda kwa wazee wa kijiweni. Mara ya kwanza waliponiona na mkoba walidhani nimeleta wito wa mahakama, mmoja akaanza kutafuta kandambili zake. Nilipoomba kucheza walitazamana, maana mwanamke kukaa penye bao lao hawakuzoea. Babu yangu ndiye aliyenifundisha, nikawaambia, wakanisogezea mkeka.

Kete ni za komwe, 64, kumi kila upande zinaanza ubaoni na 22 kila mtu anabaki nazo mkononi. Kuna mzee mmoja, mvuvi mstaafu, anaichunga nyumba yake, lile shimo lenye kete nyingi, mpaka za mkononi ziishe, umchokoze vipi. Halafu mtaji ukianza, yaani kete zote zikiwa ubaoni, anaichota, anazungusha, na upande wangu wa mbele unabaki mashimo matupu. Ananifunga karibu kila wiki na hanipi pole. Najua utaniambia bao linanifunza kesi, kila mtu ananiambia hivyo. Si kweli. Kwenye bao ukishafika mtaji kila kete unaiona. Mahakamani shahidi wangu mwenyewe hupanda kizimbani akasema jambo ambalo hajapata kunidokeza, na naye nimempa chai ofisini asubuhi ileile. Ninachokipenda Mikindani ni kwamba hakuna anayeniita wakili msomi.

Basi bosi wako mshukuru sana, nafasi ampe mwingine. Kwake ningeletewa jalada lililofungwa kamba vizuri, na mwembe ningeusoma kwenye karatasi, kama ungeandikwa.

Wewe ukija likizo njoo mwezi wa kumi na moja, mabibo yakiwa yameiva na mimi nina hela. Jumatatu nina shauri la ardhi Newala, ndugu wawili wanagombea mikorosho ya mjomba. Mmoja anasema ameilima zaidi ya miaka 12 bila kuulizwa, mwingine anasema mwenzake alikuwa anamshikia tu. Baraza la ardhi limekubali kwenda shambani, kwa hiyo natafuta viatu vya kufunga. Ulichukua vyangu vya rangi ya udongo, somo, nirudishie.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya miguu nimemwagizia.

Ni mimi, somo yako.