Wifi, niambie vijiko vingapi

Wifi yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu wanaouguza wazee wodini huko Mtwara ni wengi, na wengi wanabeba hotpoti kama wewe. Kila jioni nikipiga simu kutoka Lindi naambiwa mama kapelekewa ugali wa muhogo na samaki changu wa nazi. Kupika unapika, hilo silibishi. Ninachotaka kujua ni vijiko vingapi vimeshuka tumboni.

Mzee akilazwa, misuli humwisha upesi, na homa huutaka mwili utumie chakula zaidi wakati hamu ya kula imeshakimbia. Ndiyo maana unaona mtu kaingia hospitali kwa miguu yake, kichomi kimepona, halafu hawezi kuinuka kwenda msalani.

Masharti muulize nesi: chumvi, sukari, figo, au kama ameambiwa asile kwa ajili ya upasuaji. Hayo usiyakisie.

Sahani iliyojaa inamchosha kabla hajaigusa. Mpe kikombe cha uji, baada ya saa mbili tatu mpe kingine, na uji wenyewe uwe na kitu ndani. Sisi watu wa Kusini tuna korosho, tunawauzia watu wa mbali halafu mgonjwa wetu anakunywa uji mtupu! Zikaange kidogo, zisage ziwe unga laini, koroga kwenye uji na maziwa. Kama daktari hajakataza, piga na yai humo, lichemke hadi liive. Mbaazi ziponde. Samaki mchambue kwa vidole, maana macho hayaioni miiba yote. Ule ugali wa muhogo unajaza tumbo tu, haujengi misuli.

Kabla ya kijiko cha kwanza, mtafutie meno yake. Mara nyingi yamo kwenye leso ndani ya kabati. Mkalishe wima, mito mgongoni, na wewe ukae, usimlishe umesimama kama unayewahi basi. Ameze kwanza ndipo kifuate kingine. Akimaliza asilale chali papo hapo, akae kama nusu saa. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acha kumlisha, mwite nesi. Kwa aliyepata kiharusi hilo ni kubwa zaidi, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Halafu kuna aibu. Saa ya kuona wagonjwa watu wanazunguka kitanda, na mkwewe wa kiume yumo. Mama yetu unamjua, hatafungua mdomo alishwe mbele ya mkwe hata ukimletea pweza. Mlishe kabla hawajaja, au waombe watoke nje kidogo. Watanuna, lakini watarudi. Na akikataa maji usimgombeze. Muulize taratibu kama anaogopa kuomba apelekwe chooni usiku. Wazee wengi hunywa kidogo kwa sababu hiyo, wala hawasemi. Mwambie utampeleka, na umpeleke kweli.

Tafuta daftari uandike: uji nusu kikombe, samaki vijiko vitatu, maji glasi moja. Ukiona siku mbili mfululizo hafikishi nusu ya mlo, onyesha daftari hilo kwa daktari na uombe mtaalamu wa lishe amwone.

Korosho nimezituma kwa basi la asubuhi, kilo moja. Ni za mgonjwa, wifi. Kaka yangu asizione.