Kaa na mto mmoja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifurahisha mno, hasa niliposoma kwamba kamera umeshanunua. Unaniuliza usafiri kwenda wapi na mwezi gani ili upate picha nzuri za misitu na maziwa. Jibu langu ni kwamba safari isubiri. Tafuta kwanza mahali pamoja penye miti na maji, pasipokuwa mbali nawe, ukapapige picha mwaka mzima. Simamisha tripodi (kile kigoda cha miguu mitatu cha kushikilia kamera) palepale, lenzi ileile, upande uleule. Picha moja nzuri huonyesha siku moja. Majira huonekana picha zikishawekwa pamoja.

Mpiga picha Ansel Adams alifika bonde la Yosemite, Marekani, mwaka 1916 akiwa kijana wa miaka 14, akaendelea kurudi huko maisha yake yote. Miamba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni theluji, mawingu na mwanga, na vitu hivyo ndivyo alivyovipiga picha.

Anza na maji, maana mara nyingi hubadilika kabla ya miti. Mvua kubwa ikinyesha, mto hujaa na kugeuka rangi ya udongo. Kiangazi kikikolea hupungua, mawe na mizizi hutokeza, na pengine utaona changarawe chini. Wapiga picha wengi hufungia kamera zao wakati huo. Mimi naupenda kuliko nyakati zote, kwa kuwa ndipo umbo la mto linapojitokeza: kwenye kona, ng'ambo ya nje maji yanakula ukingo, na ng'ambo ya ndani yanaacha mchanga. Ukishaliona hilo, hata mto ukifurika utajua mkondo unapita wapi chini ya maji yale mazito.

Kifaa cha kuongeza ni filta ya polaraizi. Ifunge kwenye lenzi, uizungushe polepole huku ukitazama: mng'ao juu ya maji unafifia, majani yaliyolowa yanarudisha kijani chake. Kwenye maji huwa na nguvu zaidi ukitazama kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji. Lakini nakusihi, usiizungushe hadi mwisho kila mara. Ziwa likitulia, ukiondoa mng'ao unaondoa na taswira ya miti, na pengine taswira hiyo ndiyo iliyokupeleka. Kumbuka pia kwamba filta hiyo hupunguza mwanga, kati ya stopu moja na mbili (stopu ni kipimo cha mwanga: ukipunguza moja, mwanga unabaki nusu).

Kwa mto unaokwenda kasi, jaribu shata, yaani pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera, ya robo sekunde hadi nusu. Wengi hupenda kuiacha wazi kwa sekunde nyingi mpaka maji yafanane na moshi. Sioni uzuri wake: mto unapoteza mkondo, na mafuriko na kiangazi vinafanana.

Msituni nenda siku ya mawingu. Jua la mchana hupenya kwenye majani na kuacha madoa meupe kando ya kiza kizito, na kamera haiwezi kuvibeba vyote viwili. Mawingu huutandaza mwanga, na mvua ikiwa imetoka kunyesha, magome hukolea rangi ajabu! Ukungu wa ziwani nao utafute usiku ukiwa hauna mawingu, wa baridi na usio na upepo, wakati maji bado yana joto kuliko hewa. Fika kabla ya jua, kwa sababu likipanda kidogo tu unatoweka.

Kwenye miti inayopukutisha majani, manjano huwa ndani ya jani siku zote, ila hufunikwa na kijani. Nyekundu hutengenezwa upya majira yanapogeuka, nayo hukolea siku zikiwa za jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Kwa hiyo fuatilia hali ya hewa kuliko kalenda. Na theluji ikianguka, ongeza mwangaza stopu moja au mbili, maana kamera ikiachiwa hesabu yake huifanya ya kijivu.

Ukishapata mahali pako, niandikie maji yanatazama upande gani, mashariki au magharibi, na kama ng'ambo ya pili kuna miti mirefu. Nikijua hayo nitakuambia ufike saa ngapi.

Wako akupendaye.