Umeshamwamkia yule bibi?

Mwanangu Salimu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako na magoti yake. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Kila nikianza unasema mtandao unasumbua, na mtandao wenyewe husumbua pale tu ninapokuuliza habari za yule bibi jirani yako huko Simiyu.

Umeshamwamkia?

Juzi redio imetangaza kikongwe mwingine kakatwa mapanga usiku, huko huko Kanda ya Ziwa. Jina la kijiji sikulisikia, maana nilikuwa nimeshasimama natafuta simu. Ulipokuja kunipigia jioni ulikuwa unacheka: mama usiwe na wasiwasi, mimi kijana, tena mwanamume, hawanigusi. Salimu, nani kakwambia nilikuwa nakuogopea wewe?

Uliniambia mwenyewe kwamba anakaa nyuma ya nyumba za watumishi, mjane, macho mekundu ambayo watu huyaita ya uchawi, na kwamba mhudumu wa zahanati alikuonya usipokee kitu mkononi mwake. Ukasema umeziba dirisha la upande ule kwa kanga niliyokupa. Ulilieleza kama kichekesho, nami nikacheka. Usiku ule sikulala.

Fikiri aliyeziba dirisha ni nani. Ni daktari. Usinirudie tena kwamba wewe ni muuguzi. Cheti chako kimetundikwa hapa sebuleni na kila mgeni husomewa, atake asitake. Lakini kijijini hapo wewe ndiye daktari. Wengine wakimkwepa bibi yule, watu watasema ni maneno ya kisimani. Daktari akimkwepa, imekuwa ushahidi. Hujamtaja kwa ubaya, najua. Kanga imekusemea.

Habari ya macho sikuelezi, wewe ndiye uliyenieleza mimi. Miti ilifyekwa Usukumani tangu enzi za mkoloni kupigana na mbung'o, mashamba ya pamba yakamaliza iliyobaki, basi wanawake wanapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kijumba kisicho na pa kutokea moshi, ujana mpaka uzee. Juu ya moshi, ugonjwa wa vikope. Kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Ulinieleza vizuri mpaka nikaanza kupepesa mimi. Kisha ukapangiwa Simiyu, na elimu yote ile ikafika mlangoni pake ikaishia kwenye kanga! Kama ni kope, ulisema zinasawazishwa kwa upasuaji mdogo. Umemuuliza? Umemtazama macho, hata kwa mbali?

Na usiniambie Wasukuma ndivyo walivyo. Hilo ulilisema mara mbili na halikunipendeza hata moja. Wewe ni mtoto wa Muheza, mkoa wa Tanga. Nchi hii ukisema unatoka Tanga mtu anarudisha mkono wake mfukoni. Ulipokuwa chuoni kuna mwenzako aliyekataa kulala chumba kimoja nawe, ukanipigia simu sauti imekukauka. Huko wanasema kijiji cha Gamboshi ndiyo makao makuu ya wachawi wote, huku wanasema ni sisi. Basi wakubaliane kwanza wao.

Kuna msemo watu wa hapa wanaupenda mno: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi siku hizi mtu akiutoa kwenye kikao namkata kauli. Laja lenyewe linaletwa na hao wanaosema. Kwanza bibi hapewi salamu. Kisha watoto wanakatazwa kumtekea maji. Kisha akienda gengeni anahudumiwa wa mwisho. Anabaki peke yake, hana wa kumjua wala wa kupiga kelele usiku, na ndipo wanasema, mbona anakaa peke yake, ana nini? Kumbe wao wenyewe ndio waliomweka pale.

Tena mara nyingi nyuma ya hayo utakuta shamba. Mjane ana ekari zake mbili tatu, kuna mtoto wa marehemu au shemeji anazitaka. Ng'ombe wa mtu akifa au mtoto akifa, wanakwenda kwa mpiga ramli. Yeye hamtaji mtu, mjanja huyo. Anasema tu ni mwanamke mzee, jirani, mwenye macho hivi. Jina wanalijaza wao njiani wakirudi. Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, aliwafutia waganga leseni mwaka 2009 kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, lakini ramli haikuhitaji leseni kabla na haikuihitaji baadaye.

Hapo sasa ndipo kazi yako ilipo, na hili ndilo nililotaka kulisema kwenye simu. Mtoto akikufia mikononi kwa malaria au upungufu wa damu, mama yake anaondoka na swali. Wewe umemwambia ni ugonjwa gani, ukasaini karatasi, ukaita mgonjwa mwingine. Hajakuuliza ugonjwa gani. Anauliza kwa nini wangu, kwa nini leo. Usipokaa naye, ukamweleza taratibu kwa nini damu iliisha na nini kingefanyika mapema, kuna mtu mwingine usiku huo huo atakaa naye na kumjibu, kwa pesa. Najua foleni ni ndefu na mko wawili tu. Kaa naye hivyo hivyo.

Mimi kwenye baraza la kata nimeyaona mashauri ya namna hii hapa kwetu, msijidhani mna hati miliki huko. Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1928, na watu wengi wanadhani inawaadhibu wachawi tu. Inamshika pia anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Mzee mmoja aliposomewa alisema, basi kijiji kizima kifungwe. Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Huyo mhudumu wako anayekuonya, mwambie nimesema hivyo. Au usimwambie, usije ukagombana na watu kazini kabla hujathibitishwa. Tumia akili.

Utaniuliza mbona mimi niliwakataza kula kwa Bibi Mwanahawa. Swali hilo naliona linakuja kwenye basi. Alikuwa shangazi wa baba yako, alipenda watoto, na alifia kwenye kile chumba cha uani akiwa na sufuria ya wali ambayo hakuna aliyeifunua. Hayo tutazungumza ukija.

Bibi yako huyo wa Simiyu, kama hajui Kiswahili, asubuhi sema mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Hata mimi wa Muheza naijua. Sema kwa sauti, mchana kweupe, watu wakiwa njiani, wakuone umesimama. Usimpitie jioni kama mtu anayedaiwa. Na akikupa kiti, kaa. Akikupa uji, kunywa, ulishakunywa maji ya mtaro utotoni na hukufa. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji nao wajue kwamba huwa unamtembelea, wasikie kwako. Na kama kuna mtu amewahi kumtupia maneno ya vitisho, au ameokota kitu cha ajabu mlangoni pake, hilo usilifanye la kusubiri mwisho wa mwezi. Nenda polisi siku hiyo hiyo.

Kanga iondoe. Kama jua linapiga, nunua pazia.

Pesa ya bati imefika, ahsante, Mungu akuzidishie. Fundi amepaua nusu kisha akaenda msibani Korogwe, hajarudi, na mawingu yanazidi. Machungwa mwaka huu dalali anataka kuyanunua yakiwa bado mtini, bei ya kutukana. Baba yako amekubali, mimi nimekataa, kwa hiyo hatuzungumzi vizuri tangu Ijumaa. Mpigie yeye kwanza, halafu mimi. Zubeda amefaulu hisabati, usimsifu sana, ameanza kutembea kama mkuu wa wilaya.

Barua hii anakuletea mtoto wa Mama Rehema, anakwenda Bariadi kununua dengu. Ana mfuko wa iliki ya kule Amani, mifuko midogo miwili imefungwa. Mmoja wako. Wa pili ni wa bibi, na umpelekee mwenyewe, usimtume mtoto wa mtu. Mwambie umetoka kwa mama yako. Akiuliza inatumikaje, mwonyeshe, tia chai mnywe wote.

Na ile chaja ya Hamisi uliyoondoka nayo, mpe huyo huyo airudishe. Analalamika kila siku nimechoka kumsikiliza.

Mama yako,
Muheza