Dola elfu kumi si kikomo, na dirham isinunuliwe Dar

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu, hili lako likiwemo, huandika mara kwa mara kwamba msafiri haruhusiwi kutoka Tanzania na zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Si kweli. Sheria haikatazi kubeba, inataka utamke. Mwenye fedha taslimu kuanzia kiasi hicho hujaza fomu kwa ofisa wa Forodha, uwanjani au mpakani, akaonyesha risiti ya benki au ya duka la kubadilisha fedha, kisha akaendelea na safari yake. Sisi tuliokaa miaka mingi nyuma ya kioo cha maduka hayo tumeona madhara ya kosa hili la uandishi. Mtu mwenye fedha halali, aliyezitoa kwenye akaunti yake, anaingiwa na hofu, anazigawa kwa wenzake wa safari au kuzishona kwenye begi. Zikikutwa hazikutamkwa, fedha safi zinageuka kesi.

Hesabu ya elfu kumi hujumlisha kila sarafu uliyonayo. Dola 7,000 na euro 4,000 ndani ya bahasha mbili ni zaidi ya kiwango, hata kama kila bahasha peke yake iko chini. Na ukishatamka hapa, huko uendako kuna kiwango kingine. Dubai unatamka ukizidi dirham 60,000, yaani kama dola 16,300. China ni ukizidi dola 5,000 taslimu. India nayo ni dola 5,000 za noti, na hiyo inawagusa zaidi wanaosindikiza wagonjwa, kwa kuwa hubeba fedha ya hospitali mkononi. Anayekwenda India asinunue rupia hapa nyumbani kabla ya kuuliza sheria ya kuingia nazo.

Tuje kwenye noti zenyewe. Marekani haijafuta dola yake yoyote ya zamani, lakini mwenye duka la fedha Deira, kule Dubai, au Guangzhou, kule China, hajali. Yeye atamuuzia noti hiyo mteja mwingine, na mteja akiikataa inabaki droo hadi isafirishwe kwenda benki ya nje kwa gharama yake. Ndiyo maana noti iliyoandikwa mwaka wa kabla ya 2006 hukataliwa au kupewa bei ya chini. Mwaka huo umechapishwa kwenye noti, usome kabla ya kupokea. Iliyo salama kuliko zote ni ya 100 yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutoka Oktoba 2013. Ipapase begani mwa Franklin, yule mzee wa kwenye picha: wino umeinuka na unakwaruza kidole. Iinue kwenye mwanga, upande wa kulia wa picha itatokea sura hafifu ya Franklin huyo huyo. Ilaze na kuiinua taratibu: kengele iliyo ndani ya kidau cha wino inatoka rangi ya shaba kwenda kijani. Utepe wenyewe umefumwa ndani ya karatasi. Ukihisi umebandikwa juu, rudisha.

Noti yenye mhuri mdogo wa mfanyabiashara, tundu la pini ya stepla, maandishi ya kalamu au pembe iliyochanika, usiipokee hata keshia akikuapia kwamba ni nzima. Ni nzima kwake anayetaka kuiondoa. Mwambie abadilishe ukiwa bado kaunta, maana ukishatoka mlangoni huna neno. Omba za 100 na 50 kwa fungu kubwa, kwa sababu za 20 kushuka chini mara nyingi hubadilishwa kwa bei pungufu. Chache za 1 na 5 ziwe mfukoni kwa matumizi ya njiani, basi.

Panapoumiza zaidi ni bei, na hapa tunaomba wasomaji washike kalamu. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.6725. Haipandi wala haishuki. Kwa hiyo mnunuzi wa dirham hapa Dar anaweza kujua mara moja kama anapunjwa. Tuseme duka linauza dola kwa shilingi 2,500. Gawa 2,500 kwa 3.6725, unapata karibu 681. Hiyo ndiyo thamani ya dirham moja siku hiyo. Duka hilo hilo likikuuzia dirham kwa 720, umelipa karibu asilimia 6 zaidi bila kuambiwa. Mwenye shilingi milioni tano akinunua dirham papo hapo ataondoka na 6,944. Akinunua dola atapata 2,000, na akizibadilisha Deira kwa 3.66 atashika dirham 7,320. Tofauti ni dirham 376, na hakuna aliyemwibia: duka letu halina dirham nyingi, huzinunua kwa shida na huziuza kwa pengo pana. Nunua dola, dirham iache hukohuko.

Kaunta ya uwanja wa ndege wa huko badilisha ya teksi tu. Mjini, ubao usikupumbaze, kwa sababu bei nzuri inaweza kuliwa na ada. Uliza swali moja: "Nikikupa dola hizi elfu moja, nitashika dirham ngapi mkononi?" Jibu zuri liko karibu sana na 3,672. Akikutajia 3,550, ahsante, vuka barabara. Ukikataa bei na noti zako zimeshapita upande wake wa kioo, zikirudi zihesabu upya na uzipapase moja moja, hasa kwa wabadilishaji wa mitaani. Hapo ndipo noti mbili tatu nzuri hugeuka mbovu. Risiti usitupe: China utatakiwa kuionyesha ukitaka kurudisha yuan zilizobaki kuwa dola, na hapa nyumbani ndiyo ushahidi wako Forodha.

Kadi iwe ya akiba, lakini uliza benki kabla ya safari kama imefunguliwa kutumika nje. Mashine ikikuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi au kwa sarafu ya pale, chagua ya pale. Ukichagua shilingi, mashine ndiyo inayokupangia bei, na hupanga kwa faida yake.

Katika kubeba, begi linaloingia tumbo la ndege lisiwe na hata noti moja. Fungu kubwa likae mwilini chini ya nguo, la siku moja mfukoni, la dharura mahali pengine kabisa. Mtu akikusimamisha barabarani akidai ni askari na anataka kukagua noti zako, mwambie mtakwenda kukagulia kituoni.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaotumiwa rial na jamaa wa Oman, fungueni masanduku. Benki Kuu ya Oman iliondoa noti kadhaa za matoleo ya zamani, na muda wa kuzibadilisha uliisha mwishoni mwa 2024. Pauni za karatasi za Uingereza za 20 na 50 zilikoma madukani 30 Septemba 2022, ingawa Benki Kuu yao bado huzipokea. Elfu moja ya zamani ya Kenya ilikufa 30 Septemba 2019, na hiyo haina pa kwenda. Noti za aina hii bado huzunguka huku kwetu kwa sababu aliyenazo anatafuta asiyejua.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni juu ya jedwali lako la fedha za kigeni. Unatoa bei moja kwa kila sarafu, na msomaji anafika kaunta akidhani ataipata. Weka mbili, ya kununua na ya kuuza, ukieleza kwamba "kununua" ni duka kununua kutoka kwako. Andika pia kama ni bei ya noti au ya kuhamisha benki, kwa kuwa hizo hazilingani. Na chini ya jedwali sahihisha lile la dola 10,000: kinachotakiwa ni kutamka.

Makeshia wastaafu wa maduka ya kubadilisha fedha,
Dar es Salaam na Unguja