Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA): tunaomba asilimia za mvua, wastani hautusaidii

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni mkulima wa mahindi na mpunga huku bondeni, upande wa Mabogini, na ombi langu linahusu kompyuta zilizo mbele ya watabiri wako wa zamu.

Tangu 1992 vituo vikubwa vya hali ya hewa vya Ulaya na Marekani haviegemei utabiri mmoja tu. Kituo cha Ulaya, ECMWF, huendesha modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo, mara 51, na mara 50 kati ya hizo hali ya kuanzia hubadilishwa kidogo, kwa kuwa hakuna anayeijua hali ya anga ya sasa kwa ukamilifu, na kosa dogo la leo hukua likawa kubwa baada ya siku chache. Majibu ya mara zote 51 yakikaribiana, mtabiri anaweza kusema kwa kujiamini. Yakitawanyika, hiyo nayo ni habari tunayoihitaji.

Kazi iko kwenye kuyasoma. Tuseme ni Machi, wiki ya kupanda. Majibu 30 yanaleta mvua kubwa Alhamisi, 15 yanaileta Jumapili, 6 ni makavu kabisa. Ukichukua wastani unapata mvua ya kiasi Alhamisi na manyunyu Jumapili, hali ambayo hakuna hata jibu moja kati ya yote 51 lililoitabiri! Mkulima akitangaziwa hivyo anafungua mfuko wa mbegu. Mvua ikikataa, mbegu imeshaliwa na mchwa, na dukani hairudishwi.

Programu nzuri huyapanga majibu yanayofanana katika makundi, humwonyesha mtabiri ramani ya kila kundi, kisha humhesabia ni mangapi yanavuka kiwango cha mvua alichokiweka yeye mwenyewe. Bila hiyo, mtu wa zamu atazikodolea macho ramani 51 mpaka muda wa kutoa taarifa umpite. Baadhi ya programu hizi, kama Metview ya ECMWF, hutolewa bure.

Kiwango hicho naomba kiwekwe na wataalamu wa huku huku, Moshi, uwanja wa ndege wa KIA na Arusha. Kutoka Moshi mjini hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu, ni kilometa 30 hivi kwa mstari ulionyooka. Modeli ya ECMWF inaigawa dunia katika visanduku vya kilometa 9 hivi, kwa hiyo mteremko mzima unaenea katika visanduku vitatu au vinne tu. Kibosho, kule mlimani, na Mabogini hazinyeshewi sawa. Tena mafuriko yetu hushuka kutoka juu: inanyesha Kibosho usiku, asubuhi maji yamejaa majaruba yetu na hapa halijadondoka tone. Mtabiri anayeujua mlima ataiuliza programu kuhusu mteremko kabla ya kutuandikia sisi wa chini.

Tahadhari zenu tayari hutaja uwezekano kuwa mdogo, wa wastani au mkubwa, na kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Ongezeni namba. Kisha zitunzeni, mzilinganishe na vipima mvua, mtutangazie: mliposema asilimia 70, ilinyesha mara ngapi kati ya kumi?

Na kama programu hizi mnazo tayari makao makuu, basi ombi langu linakuwa fupi: zifike kwenye meza ya mtabiri wa Moshi, pamoja na mafunzo yake, kabla masika hayajaanza.

Mkulima, Mabogini