Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga: kumfunga mgonjwa wa akili kuwe na fomu yake

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAAMUZI YA MUUGUZI KATIKA WODI ZA WAGONJWA WA AKILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na ninaloliomba ni jambo moja: Wizara ya Afya itoe fomu moja kwa nchi nzima, itakayojazwa kila mara mgonjwa anapofungwa kitandani, anapotengwa katika chumba cha peke yake au anapochomwa sindano ya kumtuliza bila ridhaa yake, na fomu hiyo ikaguliwe kwa uzito uleule tunaoupa patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, katika wodi ya wazazi.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeeleza namna mgonjwa anavyopokelewa, kwa hiari yake au bila hiari. Kinachofuata baada ya mlango wa wodi kufungwa kinaamuliwa zaidi na muuguzi wa zamu. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache nchini, na wengi wao wako katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, Muhimbili na hospitali nyingine kubwa, kwa hiyo saa nane za usiku, ndugu wanapomleta kijana aliyefungwa kamba mikononi, wanayemkuta ni muuguzi. Ndiye anayeamua kama kamba ifunguliwe, kama kijana aongeleshwe kwa jina lake na kupewa maji kwanza, au kama sindano ivutwe papo hapo. Ndiye pia anayeamua kumpima sukari na malaria kabla ya kukubali kwamba huu ni ugonjwa wa akili, na uamuzi huo si mdogo, kwa sababu mzee aliyeanza kuweweseka ghafla jana jioni huenda ana maambukizi au sukari imeshuka, na kumtuliza kwa dawa bila kumpima ni kuuficha ugonjwa unaoweza kumuua kabla hakujapambazuka.

Katika wodi nilizofanyia kazi, uamuzi mzito kama huo huishia katika kitabu cha ripoti kwa sentensi moja: “Mgonjwa alikuwa mkorofi, amefungwa, ametulizwa.” Muuguzi anayepokea zamu asubuhi haoni alifungwa saa ngapi, ni kitu gani kilijaribiwa kabla ya kufungwa, nani aliagiza, wala afunguliwe lini. Anachokikuta ni mtu aliyelala kwenye godoro lililolowa, shuka iliyosokotwa ikiwa imemkaza kifundo cha mkono hadi vidole vimevimba. Hakuna aliyekusudia kumtesa. Aliyemfunga alikuwa peke yake na wagonjwa wengine wengi, akaitwa upande wa pili wa wodi, na hapakuwa na karatasi yoyote inayomlazimisha kurudi kumtazama.

Upande wa sindano hali ni ileile. Haloperidoli, mojawapo ya dawa tunazotumia kumtuliza mgonjwa, inaweza kumkaza misuli, hasa kijana wa kiume: shingo inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu, ulimi unakuwa mzito. Anayeijua hali hiyo humchoma promethazini, dawa inayolegeza mkazo huo, na mara nyingi shingo hurudi mahali pake baada ya muda mfupi. Asiyeijua husema mgonjwa anaigiza, au ndugu husema mapepo yamepanda, na kwa kuwa mgonjwa anahangaika kwa maumivu, huongezewa dozi ya dawa ileile iliyomkaza. Kama dawa, kipimo chake na saa iliyotolewa vingekuwa katika fomu moja iliyoning'inia kitandani, pamoja na nafasi ya kuandika upumuaji, mapigo ya moyo, presha na joto kila robo saa kwa saa ya kwanza, kosa hilo lingekuwa gumu kutendeka. Fomu hiyo ikataze pia, kwa maneno ya wazi, kumlaza mgonjwa kifudifudi na kumkandamiza mgongoni, maana mtu anaweza kushindwa kupumua na kufa hapohapo huku wanaomshika wakidhani ametulia.

Sehemu ya mwisho ya fomu iwe ya mgonjwa mwenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unawahusu wagonjwa wa akili pia. Akishapata nafuu aulizwe nini kilimtuliza, nini kilimtisha, na siku akizidiwa tena angependa afanyiwe nini. Majibu yake yawekwe katika faili. Mama mmoja aliniambia kwamba kilichokuwa kikimpandisha hasira ni kunyang'anywa kanga yake kila anapolazwa, kwa sababu bila kanga alijiona yuko uchi mbele ya wanaume. Alipoachiwa kanga hiyo, kwa uangalizi, hakuhitaji kushikwa na mtu. Taarifa hiyo haikuwa katika faili lake hata mara moja, ingawa alikuwa amelazwa kabla ya hapo.

Najua wenzangu watasema karatasi zimetuzidi, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, ukurasa mmoja wa kujazwa wakati wa tukio ni mzigo mwepesi kuliko kuitwa kujieleza mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ukiwa na sentensi moja tu ya kujitetea. Sisi pia tunapigwa, tunang'atwa, tunatupiwa vitu, na mara nyingi hayo nayo hayaandikwi popote. Fomu iyabebe, ili unapopanga watumishi uone ni wodi zipi zinaachiwa muuguzi mmoja usiku.

Naomba ofisi yako iwaite wauguzi wanaofanya zamu za usiku katika wodi hizi, pamoja na watu waliowahi kulazwa humo, waandike rasimu kwa pamoja. Ijaribiwe Mirembe na katika hospitali chache za mikoa, na matroni wa kila hospitali apewe jukumu la kuzipitia fomu zote kila mwezi na kukuletea taarifa. Naomba pia jibu lako litolewe hadharani, likitaja tarehe ya kuanza.

Wako katika kazi,

Muuguzi, wodi ya afya ya akili