Barua kuhusu Wi-Fi ya uani

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi sote wazima, na natumai wewe na shemeji na watoto hamjambo. Barua yako niliipata, na majibu nimeyachelewesha kwa makusudi, maana nilitaka nikujibu nikiwa nimeshakipima kifaa chenyewe, si kwa kusikia. Ulitaka kujua mambo mawili: kama akses pointi ya nje, yaani kifaa cha kufungwa ukutani kinachorusha Wi-Fi, kweli inafikisha intaneti mpaka mwisho wa ua, na kama utafute ile yenye nguvu kubwa kuliko zote uliyoiona ikisifiwa. La kwanza, ndiyo, inafikisha, tena vizuri sana. La pili, hapana. Usiihangaikie nguvu, na hilo ndilo lililoirefusha barua hii.

Kwanza nikupe hali ilivyokuwa. Ruta yetu iko sebuleni. Kati yake na ua kuna kuta mbili za zege na mlango wa chuma. Nikiwa kibarazani simu ilisoma -72, chini ya mti -80, na kule kwenye uzio, karibu na tangi la maji, -88. Namba hizo ni za desibeli, na huwa hasi. Kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo ishara ilivyo kali. Ukiona -50 furahi. -67 ndicho kiwango ambacho mafundi wa mitandao hukilenga ili simu za sauti na video zisikatike. Ukishapita -80 unabahatisha tu. Wala usidhani kushuka kutoka -72 hadi -88 ni jambo dogo, kwa sababu kila desibeli 10 zinazopungua ishara hubaki sehemu moja ya kumi. Desibeli hizo 16 maana yake ni kwamba kule kwenye tangi ishara ilikuwa dhaifu takriban mara 40 kuliko kibarazani.

Namba hizo ndizo uzoee kuzisoma, uachane na vile vijistari vya juu ya kioo cha simu. Kwenye Android zipo programu nyingi za bure zinazoonyesha namba. Kwenye iPhone, ile programu ya Apple iitwayo AirPort Utility ina kichunguzi cha Wi-Fi ambacho unakiwasha kwenye mipangilio ya simu.

Kabla ya kutoboa ukuta nilikifunga kifaa juu ya ngazi kwa kamba, nikakihamishahamisha. Nakusihi na wewe ufanye hivyo, maana tundu likishatobolewa moyo hukubali lolote. Upimaji nao usiutegemee ule wa kasi ya intaneti peke yake. Ule unapima pia mtoa huduma wako: akikupa megabiti 50 kwa sekunde, utasoma 50 hata kama hewa ya uani ingebeba 200, na hutajua umebakiwa na akiba kiasi gani. Mimi nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, nikawasha iperf3 humo, ambayo ni programu ya bure, kisha nikatembea na simu ikirusha data kwenye kompyuta hiyo. Hapo kinachopimwa ni njia kati ya simu na nyumba, basi. Na ina uzuri mmoja mkubwa: unaweza kuigeuza ipime kupokea, kisha kutuma.

Hapo kwenye kutuma ndipo nilipojifunza jambo.

Nilianza na nguvu yote ambayo kifaa kinaruhusu. Pale kwenye tangi simu ilisoma -64, vijistari vimejaa. Kupokea, megabiti 140. Kutuma, 6, na mara nyingine kunasimama kabisa. Nikampigia mtu kwa video: mimi namwona vizuri, yeye ananiona nimeganda mdomo wazi. Nikafungua ukurasa wa kifaa chenyewe, sehemu inayoorodhesha simu zilizounganishwa, nikatazama namba iliyoandikwa mbele ya simu yangu. Ilikuwa -81. Yaani simu inakisikia kifaa kwa -64, kifaa kinaisikia simu kwa -81.

Sababu yake ni nyepesi ukishaiona. Kifaa cha ukutani kinakula umeme bila shida, kinaweza kurusha milliwati mia kadhaa. Simu inalinda betri na ina antena ndogo ndani. Inarusha milliwati chache tu, mara nyingi chini ya 50. Ukiongeza nguvu ya kifaa umeongeza sauti ya upande mmoja wa mazungumzo. Na hata kupokea hakuponi, kwa kuwa katika Wi-Fi karibu kila kinachotumwa kwa simu ni lazima kipokewe kwa jibu fupi la "nimepata". Jibu lisiposikika, kifaa kinarudia kutuma, kinarudia tena, na muda unapotea.

Antena ni habari nyingine. Antena nzuri inapeleka vizuri na inasikia vizuri vilevile, kwa hiyo inaisaidia na simu dhaifu. Ndiyo maana nakuambia, ukisoma maelezo ya kifaa, ruka milliwati, tafuta namba ya antena, ile inayoandikwa dBi, kisha uulize inaelekea wapi. Antena ya kuzunguka pande zote inarusha kwa umbo la tairi lililolazwa: pembeni kote kuna ishara, juu na chini yake hakuna kitu cha maana. Ukiipandisha juu sana kwenye mlingoti, unaowakosesha ni waliokaa chini yake. Hiyo inafaa ikiwa itasimama katikati ya ua. Kama itabanwa kwenye ukuta wa nyumba na ua wote uko mbele yake, chukua inayoelekea upande mmoja. Nusu ya ishara haitapotea kwenye kuta zako mwenyewe.

Basi nikapunguza nguvu hadi ya kati. Vijistari vikapungua, kupokea kukashuka kidogo, kutuma kukabaki palepale, kama nilivyotarajia. Kisha nikahamisha ngazi. Mwanzo kifaa kilikuwa juu ya mlango wa nyuma, na mti ulikuwa katikati ya njia yake na tangi. Nikakipeleka kwenye kona ya nyumba, chini ya upenu, urefu wa kama mita 3, mahali ambapo ukisimama unaliona tangi bila tawi kukukinga. Nikarudi na simu kwenye uzio. Kifaa sasa kinaisikia simu kwa -70, na kutuma kumefika megabiti 38. Kifaa kilekile, simu ileile. Mwisho, kwenye masafa ya gigahezi 5, nikapunguza upana wa chaneli, yaani kipande cha mawimbi ambacho kifaa kinatumia, kutoka megahezi 80 hadi 40. Chaneli ikipungua nusu, kelele inayoingia nayo inapungua nusu, na nguvu ndogo ya simu inakusanyika mahali pembamba zaidi. Kasi ya juu kabisa ya pale karibu imeshuka, lakini kule mbali simu za video zimetulia, na kule mbali ndiko tulikokuwa na shida.

Ile gigahezi 2.4, masafa mengine ya Wi-Fi, nimeiacha kwa kamera na kipima maji cha tangi. Inafika mbali zaidi na inapenya majani vizuri zaidi, ila imejaa majirani, na chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Nimeiweka kwenye upana wa megahezi 20 na sina mpango wa kuipanua. Kitu kimoja kuhusu gigahezi 5 ukijue kabla ya kupima: baadhi ya chaneli zake zinatumiwa pia na rada, na sheria inakitaka kifaa kisikilize kwanza kwa sekunde 60, na kwenye chache za rada za hali ya hewa muda mrefu zaidi, kabla hakijarusha. Ukikiwasha ukaona jina la mtandao halijitokezi, subiri. Na kwenye mipangilio chagua nchi uliyopo kweli, maana chaneli na nguvu zinazoruhusiwa nje hutofautiana.

Uliniuliza habari ya mvua. Nimepima ikinyesha na nimepima baada ya kukatika. Mvua yenyewe, kwa umbali wa ua, haizuii mawimbi haya kwa kiasi utakachokiona. Kinachozuia ni majani yaliyolowa. Nyuma ya mti, siku kavu nilisoma -69. Majani yakiwa bado yanachuruzika, -75. Kwa hiyo ukichagua mahali, uhesabu mti kama ukuta, tena ukuta unaonenepa wakati wa mvua.

Kwa upande wa maji kuingia, tazama alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 inahimili maji ya kurushwa kwa bomba, IP67 inahimili hata kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Lakini maji hayapiti kwenye ganda, yanapita kwenye waya. Tundu la waya litazame chini, kile kifuniko cha mpira kikazwe vizuri, na kabla waya haujaingia uuache uning'inie kidogo kama tumbo, ili maji yanayoteremka nao yadondokee pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Huko ukutani nako utoboe kwa mteremko unaoshuka kuelekea nje. Jua nalo si dogo: upenu unakikinga kifaa na joto kuliko unavyofikiri.

Waya ndio sehemu ambayo sitaki ubanie hela. Umeme na data vinapita pamoja kwenye waya mmoja wa mtandao, ndiyo PoE, na waya huo unaruhusiwa hadi mita 100. Nunua wa shaba tupu wenye ganda la nje linalovumilia jua. Zinauzwa nyaya za alumini iliyopakwa shaba, ni nyepesi na rahisi, ila zinapoteza umeme njiani na zinakatika kwenye plagi. Kwa kazi hii hazifai. Halafu linganisha adapta ya PoE na kifaa. Za kiwango cha 802.3af zinatoa wati 15.4, za 802.3at wati 30, na zote zinaulizana na kifaa kwanza kabla ya kupeleka umeme. Zipo zisizouliza, zinasukuma volti 24 au 48 moja kwa moja, na ukizichomeka pasipo pake unaunguza.

Radi inanihangaisha zaidi kwa upande wako, kwa sababu banda lako limejitenga na nyumba. Waya wa shaba unaotoka nje ni njia ya kurudisha mshtuko ndani hadi kwenye ruta. Weka kinga ya radi pale waya unapoingia nyumbani, na waya wake wa kwenda ardhini uunganishwe na ule wa nyumba, usiwe na chuma chake peke yake mbali. Hata hivyo kinga hiyo inapunguza mishtuko ya karibu, haizuii radi iliyopiga hapohapo. Kutoka nyumba hadi bandani, kama uwezo upo, vuta faiba. Ile ni kioo, haipitishi umeme kabisa.

Kuhusu kurusha bila waya, kifaa cha nje kikidaka kutoka kwa ruta na kurusha tena: nimejaribu, kinafanya kazi, ila kasi ilishuka karibu nusu kwa sababu redio moja inapokea na kutuma kwa zamu. Waya kwanza.

Limebaki la kutembea. Watoto wanatoka ndani na simu iko mkononi, na simu ndiyo inayoamua lini iiache ruta ya ndani. Apple wenyewe wameandika kwamba iPhone inaanza kutafuta kwingine ishara ikishuka chini ya -70, na wakati inatumika haihami mpaka ione penye nafuu ya angalau desibeli 8. Ndiyo maana ruta yenye nguvu sana sebuleni inaiharibia ya nje: simu inaing'ang'ania ukiwa umeshafika uani. Nilipunguza nguvu ya ruta, nikaipa mitandao yote miwili jina moja na nenosiri moja, nikawasha 802.11k na 802.11r, mipangilio inayoisaidia simu kuhama haraka, kisha nikatoka sebuleni hadi kwenye tangi nikiwa naongea. Panasikika mkato mdogo mlangoni, kama nusu neno, na mazungumzo yanaendelea.

Ishara sasa inavuka uzio, kwa hiyo weka ulinzi wa WPA3, au WPA2 kwa simu za zamani, na wageni uwape mtandao wao.

Sasa kabla hujanunua chochote, chora ua wako kwenye karatasi: nyumba, banda, miti, mabati, na umbali wa kila kimoja kutoka kwa ruta. Tembea na simu, andika namba pale mnapokaa kweli, siyo pale unapopita tu. Piga picha karatasi hiyo unitumie, pamoja na urefu wa waya utakaohitajika hadi kila kona ya nyumba. Tukishajua kona, kifaa cha kununua kitajulikana chenyewe, na huenda kikawa cha bei nafuu kuliko kile ulichokiona.

Msalimie sana shemeji, na umwambie mama shikamoo yake nimeituma kwa mkono wako.

Ni mimi ndugu yako